Kabla ya Kununua Kishikwambi, Mtazame Mtoto

Mafundi wa simu wanaijua kesi hii. Mteja anaingia kibandani amenuna, anaiweka simu mezani na kusema imeharibika: ukiigusa inaongea, ukiigusa tena inaongea jambo jingine, na kila ukijaribu kufungua kitu hakifunguki. Wengine husema imeingia virusi. Wengine, kwa mzaha wenye hofu kidogo, husema imeingia jini. Fundi anabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, anahesabu hadi tatu, na simu inanyamaza. Hakuna kilichoharibika. Kuna mtu aliyewasha TalkBack bila kujua, programu inayomsomea asiyeona kila kilicho kwenye kioo. Mfumo wa Android umekuwa nayo tangu mwaka 2009, na hailipiwi hata senti.

Kisa hicho kinafaa kutangulia mazungumzo yoyote kuhusu vishikwambi katika mji kama Rhamu, huko kaunti ya Mandera, ambako Mto Daua ndio mpaka wa Kenya na Ethiopia na makao makuu ya kaunti yako karibu kilomita 80 upande wa mashariki. Swali la mzazi huwa la pesa: kishikwambi cha mtoto mwenye ulemavu kinauzwa wapi, na ni bei gani? Jibu la kweli ni kwamba hakuna kishikwambi cha namna hiyo. Kuna kishikwambi cha kawaida, na kuna mtu aliyekaa nacho saa nzima akakipanga kufuatana na mkono, jicho, sikio na lugha ya mtoto mmoja. Ile saa moja ndiyo teknolojia saidizi. Kifaa kinafuata baadaye.

Na kifaa chenyewe huenda kiko karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2013 ilitolewa ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka vishikwambi, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 kote nchini. Vingine vilifanya kazi. Vingine vingi, kama magazeti yalivyoripoti mwaka baada ya mwaka, viliishia kabatini: stima ya kuaminika haipo, mwalimu aliyepewa mafunzo amehama, na ufunguo anao mwalimu mkuu ambaye anajua kimoja kikipotea ataulizwa yeye. Kifaa kilichochoka, ambacho betri yake hudumu saa mbili tu, bado kinamtosha mtoto anayekihitaji kwa kipindi kimoja cha kusoma. Kwa hiyo kabla ya kuitisha harambee, kabati lifunguliwe.

Hatua inayofuata haihusu kifaa hata kidogo. Mtoto apimwe. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, vile ambavyo walimu huviita EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ina Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na ambayo makao yake ni Kasarani, Nairobi. Kazi ya vituo hivyo ni kujua tatizo ni nini kabla ya mtu kuamua dawa. Mtoto anayesemwa kuwa mzito darasani pengine haoni ubao. Mwingine anatokwa usaha sikioni tangu alipokuwa akitambaa, na nusu ya anayoambiwa haimfikii. Hao wanahitaji miwani na matibabu ya sikio, na kuwapa kioo cha kugusa badala ya hayo ni kuwachelewesha.

Lakini kituo cha tathmini kinaweza kuwa safari ya siku nzima, na barabara za huko zina mambo yake. Wakati safari inapangwa, mwalimu anaweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe kwa wiki moja, daftari mkononi. Aandike mtoto hutumia mkono upi, na vidole vingapi hufanya anachotaka. Aandike kitabu hushikwa umbali gani na uso. Aandike ni dakika ngapi hupita kabla mtoto hajachoka, na huchoka macho, mkono au akili. Kisha amuulize mama: mtoto huyu akitaka maji nyumbani, hukwambiaje? Swali hilo la maji hutoa habari nyingi kuliko fomu nzima, maana karibu kila mtoto asiyezungumza ana namna yake ya kuomba maji, na mama anaijua.

Tuanze na macho, kwa sababu hapo ndipo faida huonekana mapema zaidi.

Mtoto mwenye uoni hafifu, au mwenye ualbino ambaye mwanga wa jua la Rhamu unatosha kumfumba macho, hahitaji programu ya kununua. Mwalimu akishaandika ubaoni, mtoto anakwenda mbele, anaupiga picha ubao, anarudi kukaa, na anaivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka herufi moja inakuwa kubwa kama kidole gumba. Sasa ubao uko mapajani mwake. Anaweza kuurudia jioni. Hakulazimika kumnakili jirani, na jirani hakulazimika kumwambia asogee. Ni jambo dogo mno kiasi kwamba wataalamu wengi hulipuuza, lakini pengine ni matumizi bora kuliko yote ya kishikwambi katika darasa la kawaida.

Baada ya hapo kuna mipangilio. Katika orodha ya Ufikivu ndani ya Android kuna ukuzaji: ukishawashwa, kioo kinagongwa mara tatu na kila kitu kinakua, kisha vidole viwili vinauburuza ukurasa huku na huku. Kuna kugeuza rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi, jambo linalowapumzisha wengi wenye ualbino. Kuna kunenepesha herufi. Mwalimu asiviwashe vyote siku moja. Awashe kimoja, ampe mtoto siku mbili, amuulize. Na amwangalie amekaa wapi: kioo kinachotazama dirisha wazi wakati wa saa sita hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Mara nyingi kuligeuza dawati robo duara kunaleta nafuu kuliko kuongeza mwangaza wa skrini, ambao unamaliza betri bure.

Kwa asiyeona kabisa mambo ni tofauti, na hapa ndipo ile simu ya fundi inaporudi. TalkBack inabadilisha sheria za mguso. Mguso mmoja hausemi fungua, unasema nisomee. Kidole kikipitishwa juu ya kioo, kila kilicho chini yake hutajwa. Kugonga mara mbili ndiko kufungua. Kutelezesha kidole kuelekea kulia hupeleka kwenye kitu kinachofuata, na vidole viwili ndivyo husogeza ukurasa. Mwalimu anayeona hupotea mara ya kwanza, na ni vyema apotee akiwa peke yake nyumbani usiku, si mbele ya wanafunzi. Ajifunze kuiwasha na kuizima kwa vitufe vya sauti kabla ya jambo jingine lolote. Kisha afumbe macho na ajaribu kupiga simu moja. Baada ya zoezi hilo hatamwambia mtoto tena kwamba ni rahisi.

Kuna kasoro ya kioo ambayo wauzaji hawaitaji: ni bapa. Mtoto wa dugsi, yaani madrasa ya Qurani, anayeandika aya kwenye loox, ule ubao wa mbao, kwa wino wa makaa kisha akauosha, anajua vizuri kwamba ubao huandikwa ukafutwa. Kwake kishikwambi si kitu kigeni kama wageni wanavyodhani. Ila kidole cha asiyeona hakipati alama yoyote pale, hakuna mwinuko, hakuna pembe. Ndiyo maana breli haijastaafu. Sauti humsomea mtu habari, lakini tahajia, hesabu na mpangilio wa ukurasa huingia kupitia vidole. Mtoto asiyeona afundishwe breli, na kishikwambi kiongezwe juu yake. Kwa kuandika, kibodi ya kawaida iliyochomekwa kwa waya ina vitufe vinavyoshikika, tena ni ya bei nafuu. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili: shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianzia hapo kuwafundisha wanafunzi wasioona kompyuta kupitia vitufe na sauti. TalkBack yenyewe iliongezewa kibodi ya breli mwaka 2020, ambapo kioo hushikwa kikitazama nje na vidole sita huandika nukta. Anayeijua breli anaimudu haraka. Asiyeijua haimfai kitu.

Halafu kuna jambo la sauti, ambalo limewakatisha tamaa walimu wengi bila sababu. Kishikwambi kikitoka dukani huwa kimewekewa sauti ya Kiingereza. Kikipewa hadithi ya Kiswahili kisome, kinasoma kama mtalii aliyeshuka jana: silabi zinavunjika, mkazo unaangukia pasipostahili, na darasa zima linacheka. Mtoto anayekitegemea hacheki. Dawa ipo katika mipangilio ya kugeuza maandishi kuwa sauti: ichaguliwe lugha ya Kiswahili, faili la sauti lipakuliwe siku ambayo mtandao ni mzuri, na baada ya hapo itasoma hata bila intaneti. Ipunguzwe mwendo mwanzoni. Sauti hiyohiyo huwasaidia pia wanaoona vizuri lakini maandishi huwachanganya, wale wanaosoma "baba" pakiwa na "dada". Wakichagua sentensi isomwe kwa sauti huku macho yao yakifuata, wanapata kusoma na kusikia kwa wakati mmoja. Lakini wawe na hedifoni.

Mkono nao una habari zake.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kioo cha kugusa kinaweza kuwa baraka au karaha kutegemea mipangilio miwili mitatu. Mkono wake huenda unafika pale unapotaka, lakini unafika pamoja na vidole vingine vitatu, au unagusa mara nne kabla ya kutulia. Kifaa hakijui nia. Kinahesabu kila mguso. Basi kiambiwe kisubiri. Vishikwambi vingi vina mpangilio wa kuongeza muda wa mguso, na baadhi vina wa kupuuza miguso inayojirudia; kwenye iPad umo tangu mwaka 2015. Mtoto aliyekuwa akifungua kila kitu bila kukusudia ghafla anafungua kimoja, kile alichotaka. Kioo kikubwa cha inchi 10 kinamfaa kuliko cha inchi 7, na picha nne kwenye ukurasa zinamfaa kuliko ishirini.

Kuna wakati mipangilio haitoshi na fundi wa mbao anahitajika. Kipande cha plastiki ngumu au mbao nyembamba, chenye matundu yanayolingana na vitufe vya kwenye skrini, kikiwekwa juu ya kioo humwezesha mtoto kulaza kiganja bila kugusa asichotaka, kisha kuchomeka kidole tunduni. Vya kununua vipo. Cha jua kali kinafanya kazi ileile mradi kingo zipigwe msasa. Wengine hawana kidole cha kutegemea, na hapo watu hukimbilia kijiti, kisha hushangaa kioo hakiitikii. Sababu ni kwamba vioo hivi havipimi mkandamizo. Vinahisi umeme mdogo wa mwili. Mti mkavu hauupitishi. Kijiti hichohicho kikifungwa karatasi ya alumini tangu ncha hadi pale mkono unaposhika, na sifongo yenye unyevu kidogo ikafungwa kwenye ncha, kioo kinaamka.

Pa kukiweka kifaa ni swali lenye jibu karibu kila nyumba. Marfaa, ule mhimili wa mbao unaokunjika wa kuwekea Msahafu, umetengenezwa kwa kazi hiihii: kukishikilia kitu kwa mteremko mbele ya mtu aliyeketi chini. Seremala anayechonga marfaa anaweza kuchonga wa kishikwambi, wenye ukingo kidogo wa chini ili kisiteleze. Ni vizuri ukachongwa wake na ukapakwa rangi tofauti. Wa Msahafu ubaki wa Msahafu. Hakuna haja ya kuanzisha mjadala wa heshima kwa sababu ya kipande cha mbao.

Mtoto asiyezungumza ndiye anayeahidiwa mengi zaidi na matangazo, na ndiye anayeangushwa mara nyingi zaidi. Programu za mawasiliano kwa picha zipo nyingi, na baadhi ni bure: LetMeTalk, kwa mfano, hufanya kazi kwenye Android bila intaneti na huja na maelfu ya picha za ARASAAC, mkusanyiko wa michoro uliotengenezwa Aragón nchini Hispania ili utumike bila malipo. Mtoto hugusa picha, kifaa hutamka neno. Tatizo ni kwamba picha hizo zilichorwa kwa maisha ya kwingine. Kuna mchoro wa sandwichi. Anjera iko wapi? Kuna treni, na Rhamu haina treni. Ngamia wa kwenye kitabu amesimama jangwani peke yake kama mapambo, si yule anayekamwa alfajiri nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo picha zipigwe nyumbani. Kikombe chake yeye. Mkeka wake. Mlango wa choo. Bibi yake, kama familia imeridhia. Na sauti isiwe ya mashine: programu nyingi za aina hii huruhusu kurekodi, na hapo mama au dada anatamka neno kwa lugha ya nyumbani. Rhamu ni mji wa lugha nyingi. Mtoto anaweza kusikia Kigarre au Kisomali cha kwingine nyumbani, Kiborana kwa jirani, Kiarabu dugsi, Kiswahili na Kiingereza shuleni, na sauti za mashine kwa baadhi ya lugha hizo ni za kutafuta kwa tochi. Sauti ya dada iko tayari. Mtoto wa kike apewe sauti ya kike, wa kiume ya kiume. Asije akaomba maji kwa sauti ya mwanamume wa makamo.

Waanze na maneno machache, sita hivi, na yasiwe ya mahitaji peke yake. "Maji", "choo" na "naumwa" ni lazima. Lakini "sitaki" ni lazima zaidi, na "tena" ndilo neno linalomfanya mtoto acheke. Wakubwa nao waitumie programu hiyo wanapozungumza naye, wakigusa picha huku wakisema, kama vile mtoto mwingine anavyojifunza kusema kwa kusikia watu wakisema. Ile alama yake ya zamani ya kuomba maji, ambayo mama aliieleza mwanzoni, isipigwe marufuku. Betri itakwisha siku moja. Mkono wake utabaki.

Kwa watoto viziwi kishikwambi ni kitu cha kutazama na kurekodi, na hatari yake kubwa ni kuletewa lugha isiyo yao. Lugha ya Ishara ya Kenya si ya Marekani, na video nyingi zinazopatikana kwa urahisi mtandaoni ni za Marekani. Kampuni ya Kenya ya eKitabu, kupitia kitengo chake cha Studio KSL, imetengeneza vitabu vya hadithi vyenye video za ishara za Kenya, na hivyo ndivyo vya kuanzia. Kaskazini mashariki hakuna sababu ya kuona haya katika jambo hili. Msomali aliyesoma shule ya viziwi ya Wajir ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi huko Borama, Somaliland, mwaka 1997, na ishara zilizotoka Wajir zikawa mzizi wa lugha ya ishara inayotumika leo miongoni mwa viziwi wa Somalia na Somaliland. Mahali palipopeleka lugha nje pana uwezo wa kurekodi kamusi yake. Mwalimu anayejua ishara akirekodi maneno matatu kila siku, kila neno likiambatana na picha ya kitu chenyewe, muhula ukiisha wazazi wana kitu cha kujifunzia. Na wazazi ndio wanaohitaji: mtoto kiziwi anayetoka shule akaingia nyumba isiyojua ishara hata moja anakaa kimya mpaka asubuhi.

Kwa watoto wenye usonji na wale wanaojifunza polepole, kisa cha Tanga kinafaa kusimuliwa. Shindano la Global Learning XPRIZE liliweka vishikwambi katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo wa Tanzania, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani, ili waone kama programu pekee zinaweza kuwafundisha kusoma Kiswahili na kuhesabu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Kitkit ilitengenezwa na Enuma, kampuni ya Sooinn Lee, Mkorea aliyekuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, ambaye aliingia katika kazi ya elimu kwa sababu mtoto wake mwenyewe alizaliwa na mahitaji maalum. Hatua fupi, vitufe vikubwa, nafasi ya kukosea bila kuzomewa: vilivyobuniwa kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye ulemavu viliwafaa watoto wa vijiji vizima. Programu za shindano hilo ziliachwa wazi kwa umma, na kwa kuwa ni za Kiswahili, shule ya Rhamu inaweza kuzijaribu.

Lakini mtoto mwenye usonji anaweza kukipenda kifaa kupita kiasi, na kumnyang'anya huleta vita. Muda uonekane: saa ya kuhesabu kurudi nyuma kwenye skrini, au picha tatu zilizopangwa, kishikwambi, kisha maji, kisha nje. Kioo kifungwe kwenye programu moja; Android ina mpangilio wa kubandika skrini tangu 2014, na iPad ina wake tangu 2012. Hilo pia linawatuliza wazazi wenye wasiwasi, tena wa haki, juu ya vitu ambavyo mtoto anaweza kuviona mtandaoni. Picha za watoto zisitoke nje ya kifaa bila ruhusa ya mzazi. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na hata bila sheria, jamii ya huko ina maoni yake kuhusu picha za mabinti.

Sasa joto. Apple hushauri iPad itumike pale ambapo hewa haizidi nyuzi 35, na Rhamu kuna mchana mwingi unaovuka hapo kabla ya adhuhuri. Betri inayochajiwa ikiwa moto hufa mapema na inaweza kuvimba. Kifaa kitumike vipindi vya asubuhi, kichajiwe usiku au alfajiri, na kisiachwe kamwe juu ya dawati lenye jua wala ndani ya gari. Mgongo ukivimba, au kioo kikianza kunyanyuka, kitolewe darasani siku hiyohiyo. Si cha kupasuliwa na mtoto wala cha kuendelea kuchajiwa. Vumbi lizuiwe kwa kava na kitambaa kikavu. Msimu wa mvua, vifaa vikae juu: mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yaliukumba mji, na Daua haupigi hodi.

Stima ya Rhamu haitoki kwenye gridi ya taifa, na minara ya simu ya kaunti ya Mandera imeshambuliwa mara kadhaa. Mpango wowote unaodai intaneti kila siku umekwisha kabla haujaanza. Vitabu, sauti na programu vipakuliwe mara moja, vikaguliwe kwa kuzima mtandao kabisa na kujaribu kila kimoja. Dadaab, katika kaunti ya Garissa, kuna mfano wa muda mrefu: shule za mtandao za Vodafone Foundation na UNHCR zilianzia huko mwaka 2013, na miaka miwili baadaye likatolewa darasa zima ndani ya sanduku la kilo 52, lenye vishikwambi 25, projekta, spika na betri ya kuendesha siku nzima bila stima. Kampuni ya BRCK ya Nairobi nayo ilitoa mwaka huohuo wa 2015 sanduku lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa pamoja. Shule haihitaji kununua masanduku hayo ili ifuate wazo lake: mahali pamoja, chaji pamoja, hesabu asubuhi na jioni. Sanduku la bati la bweni linafaa kuhifadhia, ila wakati wa kuchaji kifuniko kiwe wazi.

Mtu ni mgumu kupata kuliko betri. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa huko Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za kaskazini mashariki. Popote ujuzi ulipokuwa kichwani mwa mwalimu mmoja, uliondoka kwa basi pamoja naye. Kwa hiyo mipangilio ya kila mtoto iandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe ndani ya kava: jina la programu, lugha ya sauti, muda wa mguso, kinachomuudhi, kinachomfurahisha. Na ajulikane mtu wa mjini, asiyetegemea barua ya uhamisho, anayejua yote: mama wa mtoto, kaka wa kidato cha tatu, fundi wa simu. Fundi hasa. Yeye tayari anajua kuizima TalkBack. Kilichobaki ni kumwomba awafundishe wengine kuiwasha.

Haki ipo pia, na ni vyema mzazi aijue anapoingia ofisini. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa vifaa saidizi kwa waliosajiliwa, na bila usajili hakuna mazungumzo, hivyo kadi itafutwe mapema. Vilevile Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya sauti, breli au maandishi makubwa kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kumwomba mchapishaji ruhusa kwanza. Mtihani wa kitaifa, hata hivyo, bado huja kwa karatasi. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa na huongeza muda, mradi shule imeeleza mapema mtahiniwa anahitaji nini. Mtoto aliyezoea kioo kinachong'aa peke yake apewe mazoezi ya karatasi muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Kwa mwalimu mkuu anayesoma haya na ana ufunguo mfukoni: wiki hii kabati lifunguliwe, vishikwambi vihesabiwe, vichajiwe usiku kucha. Vitakavyowaka, hata kama ni vitatu, vigawiwe kwa watoto watatu ambao majina yao kila mwalimu wa shule anayajua tayari.